Dhara ya Baridi kwa Nyanya Iliyochumwa

Nyanya ikiisha kuchumwa haifi papo hapo, bali huendelea kuvuta hewa, kutumia akiba yake ya sukari, na kutoa kwa kadiri ndogo sana gesi iitwayo ethilini, ambayo ndiyo iliamuruyo tunda zima kuiva: ukijani uondoke, wekundu ushike mahali pake, nyama ilainike, na harufu izaliwe. Kazi hiyo huitimiza vyema penye joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Likizidi 30, kama lilivyo aghalabu chini ya mapaa ya bati ya pwani yetu, wekundu haukamiliki, na tunda hubaki la manjano.

Wengi hudhani kwamba baridi huisimamisha kazi hiyo kwa muda tu. Dhana hiyo yafaa kwa kabichi. Kwa nyanya, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini na tabia yake ni ya mimea ya joto, si sahihi hata kidogo. Chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, utando mwembamba unaozizunguka seli za tunda, ambao sehemu yake kubwa ni mafuta, huanza kukakamaa kama mafuta ya nazi yagandavyo asubuhi ya kipupwe, na ukishapoteza ulaini wake hauwezi tena kuyazuia maji na chumvi za ndani zisivuje. Ajabu ni kwamba dhara hiyo aghalabu haidhihiri tunda lingali baridini, ila baada ya kurudishwa katika joto, ndipo ngozi ifanyapo vishimo, rangi ije kwa mabaka, na ukungu mweusi upate mlango.

Mbichi ndiyo iliyo hatarini zaidi: ikikaa juma moja hivi katika nyuzi 5, haitaiva sawasawa abadani. Iliyoiva huvumilia, lakini hupoteza harufu. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida na wa Cornell, miongoni mwao Harry Klee na Denise Tieman, walieleza jinsi nyanya zilizoiva, zikikaa siku 7 katika nyuzi 5, zilivyopungukiwa mno na zile hewa nyepesi zizipazo ladha, hali sukari na tindikali hazikubadilika. Baridi ilikuwa imezizima jeni za kutengeneza harufu, na baadhi yake hazikuamka kikamilifu hata tunda lilipopata joto. Siku 1 au 3 hazikuleta hasara kama hiyo.

Basi ni dhuluma, kwa maoni yangu, mkulima aliyeitunza nyanya yake miezi kadhaa kulaumiwa kwa ladha iliyopotelea jikoni mwetu. Isiyoiva na iachwe kivulini penye hewa. Iliyoiva iliwe kwanza. Na zikiwa nyingi hata zakaribia kuoza, zitiwe katika friji siku mbili tatu, zitolewe mapema kabla ya kukatiwa kachumbari. Zilizokawia humo zaidi zipikwe mchuzi, kwani sukari na ukali wake zingali nazo, na harufu zitapata kwa kitunguu na bizari.