Watoto wa Rusizi wanaosomea ng'ambo ya Nyungwe

Asubuhi kwenye mpaka wa Rusizi II, kati ya Rwanda na Kongo, katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya na madereva wanaosubiri karatasi zao zigongwe muhuri, hupita vijana wenye mikoba mgongoni. Wanakwenda chuo. Bukavu, mji unaouona vilimani mara tu unapotupa macho ng'ambo ya mto, umejaa vyuo: ISP wanakosomea walimu, Université Officielle de Bukavu ambacho ni cha serikali, Université Catholique, na kile cha Kiprotestanti kilichoko Panzi. Kwa mzazi wa Kamembe, upande wa Rwanda, hivyo ni vyuo vya jirani. Mtoto anaondoka na chai tumboni, jioni anarudi kula nyumbani.

Lakini mpaka una mambo yake. Machi 2020, Korona ilipofunga njia, aliyekuwa amejiandikisha Bukavu alibaki upande huu huku mji wa chuo chake akiuona kwa macho. Kisha kule wanafundisha kwa Kifaransa, wakati mtoto wa Rwanda wa kizazi hiki amesomeshwa kwa Kiingereza, kwa uamuzi uliotolewa mwaka 2008. Na kubwa kuliko yote ni pesa. Anayepata nafasi Chuo Kikuu cha Rwanda anaweza kuomba mkopo wa serikali, na hilo familia ya mvuvi wa Nkombo au ya mkulima wa mpunga wa Bugarama haiwezi kulipuuza. Basi mtoto anaupa mto mgongo, anapanda gari kwenda kampasi ya chuo hicho iliyoko Huye. Hata chuo hicho kilipofundisha biashara na uchumi hapa Rusizi, wenye masomo mengine walihama vilevile.

Hadi Huye ni yapata kilomita 150, nyingi zake kona tupu. Basi linatoka gare, kituo cha mabasi cha Kamembe, linapita Ntendezi na Buhinga, linayaacha mashamba ya chai ya Gisakura, kisha linazama katika msitu wa Nyungwe. Bugarama ndiko kwenye joto kuliko kwingi nchini; kijana wa huko akifika Uwinka, huko msituni, na fulana yake moja, meno yanagongana. Mto wa kwao, Rusizi, hushuka Ziwa Tanganyika na maji yake huishia mto Kongo. Akishavuka mgongo wa msitu, vijito anavyoviona dirishani vinakwenda Nile. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuelewa kwamba nyumbani si pa kwenda na kurudi.

Kwenye buti la basi kuna godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, sufuria, na ndani ya sufuria mfuko wa sambaza wakavu. Mama wa Rusizi hamwachi mtoto aende bila sambaza. Samaki hawa wadogo waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha mwanafunzi: hawaozi, hawahitaji jokofu, kiganja kimoja kinatosha kuutia mchuzi wa maharage ladha. Huwa wanaisha kabla ya mtihani wa kwanza.

Kilima cha Ruhande mjini Huye, ambako kampasi imejengwa, kina historia nzito. Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa mjini humo Novemba 1963 kikiwa na wanafunzi 51 na walimu 16, mkuu wake wa kwanza akiwa Padri Georges-Henri Lévesque, Mdominikani kutoka Québec. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliingia hadi madarasani. Walimu na wanafunzi waliuawa, wengine kwa mikono ya wenzao. Milango ilifunguliwa tena Aprili 1995. Mwaka 2013 serikali iliunganisha taasisi zake za elimu ya juu zikawa Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye kampasi katika pembe nyingi za nchi, na Huye ikabaki miongoni mwa kubwa. Pembeni kuna arboretamu, bustani ya miti iliyoanza kupandwa miaka ya 1930, mikaratusi mirefu ya kila aina, na tumbili ambao wamekwisha kujua ni dirisha gani lina mkate.

Mabweni hayawatoshi wote. Aliyekosa kitanda anashuka Cyarwa au Tumba kutafuta geto, chumba kimoja cha sakafu ya saruji katika ua wa mtu. Humo ndimo maisha ya chuo yanamoendelea, na mgeni anayepiga picha mbele ya maktaba hayaoni. Magodoro mawili yamelazwa kwenye sakafu, mara nyingine matatu. Waya mmoja wa umeme umegawanywa kwa simu zote na kompyuta moja inayozunguka kwa zamu. Jiko la mkaa liko mlangoni, na juu ya mlango, kwa ndani, kuna karatasi iliyobandikwa: nani anapika Jumatatu, nani anachota maji, nani anakwenda soko la Rango Jumamosi. Maharage yanachemshwa mara moja kwa siku kadhaa ili mkaa usiishe, na kawunga, ugali wa mahindi, ndiyo inayosongwa kila jioni. Siku pesa zikiingia, wanakwenda mgahawani kula melanje, sahani moja iliyopandishwa wali, ndizi, viazi, maharage na mboga hadi isiweze kupanda zaidi, na wanacheka kama watu walioalikwa harusini.

Hesabu ya maisha hayo haitaki kalamu. Mkopo unasimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Sehemu inalipa masomo, sehemu inampa mwanafunzi posho ya kula na kulala, ile inayoitwa buruse. Kwa miaka mingi posho hiyo ilikaa kwenye faranga 25,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 35,000, kisha 40,000. Gawa hizo 40,000 kwa siku 30: ni faranga 1,333. Humo toa chumba, chakula, sabuni, fotokopi za mwalimu na bando la intaneti. Bei ya soko nayo haijasimama kuingoja. Wanafunzi hawa siwasifu kwa uvumilivu. Ninachosema ni kwamba wanaombwa kuvumilia kupita kiasi, na kwamba mtu mwenye njaa haingii vizuri darasani, hata awe na akili namna gani.

Posho ikichelewa, na kuchelewa huwa kunatokea, ndipo umbali unapoonekana. Kijana wa Gisagara au Nyanza anakwenda kwao Ijumaa na kurudi Jumapili na gunia la viazi. Wa Rusizi hawezi. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula kile alichokifuata. Anapiga simu. "Mama, shikamoo. Buruse bado." Na mama, ambaye siku hiyo ameuza nyanya Bukavu, anatuma kwa simu faranga elfu mbili, tatu, kutoka kwenye mtaji wa kesho. Nimeishi na akina mama hawa na ninajua mtaji huo ulivyo mwembamba. Chuo hakiwaoni popote katika vitabu vyake, ingawa ndio wanaoziba pengo lake.

Wanafunzi wenyewe hawakungoja kusaidiwa. Oktoba 1996, papo hapo Ruhande, manusura wa mauaji ya kimbari waliokuwa chuoni walianzisha chama chao, AERG. Wengi hawakuwa na mzazi wala ndugu wa kurudi kwake wakati wa likizo. Wakajipanga katika familia: mwanafunzi mmoja akawa baba, mwingine akawa mama, wakachukua watoto kati ya wenzao. Baba huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, lakini ndiye aliyeuliza kwa nini umekosa kipindi, ndiye aliyekaa hospitali ukilazwa, na siku ya mahafali ndiye aliyesimama mahali ambapo baba wa damu angesimama. Utaratibu huo ulienea shule nyingine nchini. Vikundi vya sala navyo vina familia zao. Na vijana wa wilaya moja, wasipokuwa na chama chochote, hujikuta wakifanya jambo lilelile: wa mwaka wa tatu anampokea wa mwaka wa kwanza kituoni, anambebea godoro, anamlaza kwake hadi apate chumba.

Kwa wa Rusizi, Kiswahili kinawasaidia kukutana. Wamekua wakikisikia sokoni Kamembe na mpakani, wanakizungumza bila kukifikiria, na Huye kinawakutanisha na Wakongo na Warundi wanaosoma hapo, na pia na wafanyabiashara wa Cyarabu, mtaa wa Waislamu mjini. Bunge lilikifanya lugha rasmi ya nchi Februari 2017. Vijana waliokuwa wakiambiwa ni lugha ya wachuuzi sasa ndio wanaowasahihisha wenzao insha. Ningependa chuo kiwatumie kwa hilo waziwazi, na kuwalipa.

Ninaloliomba kwa wanaopanga mambo haya ni dogo na linawezekana. Posho ya mwezi wa kwanza iwe kwenye akaunti siku mwanafunzi anaporipoti, maana hiyo ndiyo wiki anayolipa kodi, ananunua mkaa na hajui mtu. Na kitanda cha bweni kwa mwaka wa kwanza kipewe kwanza anayetoka mbali: Rusizi, Nyamasheke, na wale wa mashariki ya mbali ambao nao hawawezi kwenda kwao Ijumaa. Fomu ya maombi tayari inauliza wilaya. Anayepanga vitanda aisome tu safu hiyo kabla ya kugawa funguo.