MWALE UMESIMAMA WAPI?

Eksirei unaijua: inaingia kifuani, inatokea mgongoni, picha inapatikana. Kwa kupiga picha ni sawa kabisa. Lakini ukitaka kuua uvimbe wa saratani ulio chini ya ubongo, tabia hiyo ya kutokea upande wa pili inaleta shida, maana inaumiza na sehemu nzima zilizo nyuma ya uvimbe.

Mwaka 1946 mwanafizikia wa Marekani, Robert Wilson, alipendekeza zitumike protoni. Hebu fikiria daladala. Ikiwa kwenye kasi haishushi watu wengi. Ikikaribia kituo cha mwisho inapunguza mwendo na wote wanashuka. Abiria hapa ni nishati. Protoni ikishashusha, inasimama, haiendi mbele tena. Viini vya kaboni navyo hufanya karibu vivyo hivyo. Kazi ya wataalamu ni kupanga kasi ili kituo cha mwisho kiwe ndani ya uvimbe.

Safi, sivyo? Sasa swali: utajuaje kama ulisimama pale? Kichwani, ukikosea milimita chache unaweza kuacha kipande cha saratani, au kuunguza neva ya jicho. Na mwili haukai vilevile. Matibabu huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa anaweza kukonda, au pua iliyojaa makamasi siku ya vipimo ikawa tupu leo (usicheke!). Hewa haizuii mwale kama makamasi, basi mwale unapitiliza.

Bahati nzuri, mwale wenyewe unaacha alama. Njiani unagonga viini vya atomi, na baadhi hugeuka kuwa kaboni-11 au oksijeni-15, ambazo si imara. Kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20, oksijeni-15 kila dakika 2. Zikivunjika hutoa pozitroni. Pozitroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kutoa miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili zinazopingana. Kamera iitwayo PET huinasa yote miwili kwa pamoja, na hapo inajua ilitoka kwenye mstari upi. Mistari ikiwa maelfu, picha inatokea. Kisha inalinganishwa na picha ambayo kompyuta ilitabiri. Zikipishana, mpango unaangaliwa upya kabla ya siku inayofuata.

Katika kituo cha utafiti cha GSI, Darmstadt, Ujerumani, wagonjwa wapatao 440 walitibiwa kwa kaboni kuanzia 1997 hadi 2008, na kamera ya PET ilifungwa palepale walipolala.

Ila damu haisubiri mtu. Inazunguka na kuzichukua hizo atomi, picha inafifia. Ndiyo maana kuna njia nyingine: kunasa miale ya gama inayotoka papo hapo kiini kinapogongwa, kabla damu haijaondoa chochote. Huko Dresden, Ujerumani, walianza kuitumia kwa mgonjwa anayetibiwa kwa protoni mwaka 2015.