Nani afunge banio kiangazi?

Tanzania imegawa maji yake katika mabonde tisa. Pangani lilitangulia kupata ofisi yake mwaka 1991, Rufiji likafuata mwaka 1993. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, bodi za mabonde hutoa vibali vya kutumia maji na hutoza ada. Mipaka ya mabonde hufuata mto, si mkoa, na hilo ni jema: maji ya Pangani yanayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru humwagilia mashamba ya mikoa miwili, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Hale mkoani Tanga. Hakuna mkoa unaoweza kuyasimamia peke yake.

Faida kubwa zaidi ya mfumo huu iko katika ngazi ya chini kabisa, kwenye jumuiya za watumia maji. Wachagga waligawana maji ya mifongo, mifereji yao ya asili, kwa zamu muda mrefu kabla ya ofisi yoyote ya bonde kuwapo, na aliyeiba zamu ya mwenzake alijulikana. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani wizarani.

Lakini tazama mto Ruaha Mkuu, katika bonde la Rufiji. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nao ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Juu yake, katika tambarare za Usangu wilayani Mbarali, mabanio mengi ya magogo na majani, yaliyochepusha maji kwenda mashambani, yaliondolewa, yakajengwa ya zege. La magogo lilivuja, na kilichovuja ndicho walichokunywa wa chini. La zege likifungwa sawasawa laweza kuchepusha karibu maji yote ya kiangazi. Kibali nacho huandikwa kwa lita kwa sekunde, na aliyelipia hudai lita zake hata mto ukibaki kijito.

Bodi hutegemea sana ada hizo kujiendesha. Chombo kinachopata fedha kwa kutoa vibali hakiwezi kuwa chepesi kuvikataa, na hiyo ndiyo kasoro inayonisumbua kuliko zote. Fedha za kupima mito zitoke hazina kuu, kwa kuwa umeme wa Mtera ni wa nchi nzima. Zamu zibaki mikononi mwa jumuiya. Na kibali cha kiangazi kitaje fungu la mto badala ya lita, ili maji yakipungua, wa juu na wa chini wapunguziwe pamoja.