Manowari Iliyokuja Kuuliza Bei

Mkazi wa Tegeta anayetaka kuona nyayo za Wafaransa katika pwani hii hana safari ndefu. Akipanda gari la Bagamoyo, akaipita Bunju na Mapinga, atafika kwenye misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyofunguliwa mwaka 1868, na makaburi yao atayakuta hapo hapo. Kwa watu wengi habari za Mfaransa na Mrima zinaanzia kwa mapadri hao. Lakini mapadri walitokea Zanzibar, na Zanzibar walifika mwaka 1863 wakitokea kisiwa cha Réunion. Njia waliyopita ilikuwa imekwisha kukanyagwa na watu wa aina nyingine kabisa: maofisa wa manowari za tanga.

Mmoja wao ni Charles Guillain. Alizaliwa mwaka 1808 huko Lorient, mji wa pwani ya Bretagne ulioanzishwa katika karne ya 17 kwa ajili ya Kampuni ya Ufaransa ya biashara ya Mashariki. Kijana wa Lorient aliijua Bahari ya Hindi kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Hariri, pilipili na vyombo vya Kichina vilikuwa vimeteremshwa pale pale gatini, pamoja na hadithi za waliorudi na majina ya wasiorudi.

Bahati yake ni kwamba alizaliwa mapema mno kwa injini na kuchelewa mno kwa vita. Napoleon alishindwa mwaka 1815, jeshi la wanamaji likapunguzwa, na ofisa kijana hakuwa na adui wa kumpandisha cheo. Ngazi yenyewe ilikuwa ndefu: mwanafunzi wa uofisa, luteni, kisha kapteni wa korveti, kapteni wa frigeti, na hatimaye kapteni wa manowari kubwa. Wengi waliota mvi wakiwa katikati. Aliyetaka kupanda haraka zaidi aliomba kazi za mbali, za kupima pwani, kuchora ramani na kuandika ripoti ambazo waziri angezisoma mpaka mwisho.

Na Ufaransa ilikuwa na sababu ya kutaka ripoti za upande huu. Mwezi Agosti 1810, huko Grand Port, Mauritius, manowari za Ufaransa chini ya Guy-Victor Duperré ziliwapiga Waingereza vibaya sana, hata jina la mahali hapo likachongwa kwenye Lango la Ushindi la Paris. Ushindi huo haukufika mbali. Kabla mwaka haujaisha Mauritius yenyewe ilikuwa mikononi mwa Waingereza, pamoja na bandari yake nzuri. Baada ya vita Wafaransa walirudishiwa Réunion tu, wakati huo ikiitwa Bourbon. Ilikuwa na mashamba ya miwa yenye njaa ya vibarua, lakini haikuwa na bandari ya kukinga meli wakati wa tufani. Ndiyo maana miaka ya 1840 maofisa wao wanaonekana kila pembe ya Mlango wa Msumbiji. Nosy Be ikachukuliwa, na mwaka 1841 ukatiwa saini mkataba wa Mayotte. Guillain mwenyewe alikuwa akizunguka Madagaska ya magharibi, na mwaka 1845 akachapisha kitabu juu ya historia, jiografia na biashara yake.

Baharia Mfaransa na Mswahili walikwisha kujuana zamani, na kujuana kwenyewe hakukuwa kwa heri. Mwaka 1776 Jean-Vincent Morice, tabibu aliyegeuka mfanyabiashara, alitiliana saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20. Walikuwa wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vile vile vya Kifaransa. Ofisa yeyote wa baadaye aliyetia nanga hapa alilikuta jina la nchi yake limetangulia.

Tarehe 17 Novemba 1844 ukaja mkataba mwingine, safari hii kati ya Ufaransa na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wamarekani walikuwa na wao tangu 1833, na Waingereza tangu 1839. Kwa hiyo Mfaransa alikuwa na haki ya kufanya biashara kwenye karatasi, lakini hakujua auze nini, wapi, kwa nani, wala kwa bei gani. Kazi ya kuyajua hayo akapewa Guillain. Chombo chake kilikuwa Ducouëdic, manowari ya milingoti miwili yenye matanga ya mraba, iliyopewa jina la ofisa wa Bretagne aliyekufa kwa majeraha ya pambano la mwaka 1779 dhidi ya manowari ya Kiingereza. Mizinga ilikuwamo. Lakini mgeni wa maana zaidi humo ndani alikuwa Loarer, mjumbe wa mambo ya biashara, ambaye silaha yake ilikuwa daftari la bei.

Safari ilichukua miaka ya 1846, 1847 na 1848. Urefu huo haukutokana na uvivu. Manowari ya tanga, hata iwe na mizinga mingapi, ilikuwa chini ya amri ya pepo kama dau la mvuvi wa Kunduchi. Kusi ilimpeleka mtu kaskazini na kaskazi ikamrudisha, na aliyekosa msimu alikaa bandarini akila akiba yake. Huko Benadir mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani Mogadishu, Marka na Barawa hazina ghuba ya kujificha, na kusi ikikolea chombo kikubwa hakina usalama kule.

Karibu na nchi kavu mwendo ulikuwa wa kunyata. Baharia alisimama ubavuni akitupa bildi, risasi nzito iliyofungwa kambani, na kupaza sauti kwa kila pima aliyoipata. Ofisa aliandika kina, akapima pembe za minara na vilima, akatia nukta kwenye karatasi. Longitudo ilitegemea saa maalumu zilizotunzwa kama mtoto mchanga, maana saa ikikosea dakika chache, mwamba unahama maili nyingi kwenye ramani. Hii ndiyo iliyokuwa siku ya kawaida ya ofisa wa tanga. Vitabu vya hadithi vinapenda moshi wa baruti, lakini miaka mingi ya kazi ile iliisha kwenye kamba iliyolowa na wino uliokauka.

Guillain alikuwa na kipaji kingine, nacho ni kuuliza. Popote alipotia nanga alitafuta wazee na mashekhe, akaandika nasaba, vita na ugomvi wa miji. Alifika wakati mwafaka. Utawala wa Wamazrui wa Mombasa ulikuwa umevunjwa mwaka 1837, na walioushuhudia walikuwa bado hai. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mataka alikuwa amekwisha kulifedhehesha jeshi la Seyyid Said. Mfaransa aliyepewa picha ya sultani mwenye nguvu kutoka Msumbiji hadi Somalia aliona kwa macho yake kwamba bendera nyekundu ilikuwa na uzito bandarini, lakini ukiingia ndani mwendo wa siku moja tu, amri ilikuwa ya mwingine.

Jambo hilo alilithibitisha kwa miguu. Mwaka 1847 alitoka Mogadishu akaenda bara hadi Geledi, kwenye Mto Shebelle karibu na Afgooye, kwa Sultani Yusuf. Huyu ndiye aliyewavunja wanajihadi wa Bardera mwaka 1843, na wafanyabiashara wa pwani walimwogopa kuliko walivyomwogopa Said. Kwa kapteni wa manowari, kuacha meli nyuma na kuingia nchi asiyoijua na watu wachache ilikuwa hatua ya ujasiri, labda ya kupita kiasi. Alirudi salama, na maelezo yake ya Geledi ni miongoni mwa machache ya mashahidi wa macho yaliyobaki kuhusu enzi hiyo. Mwaka uliofuata Sultani Yusuf aliuawa vitani.

Walichukua pia kitu kipya cha ajabu. Dagereotipu, picha inayonaswa kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, ilikuwa imetangazwa Paris mwaka 1839 tu. Watu wa Ducouëdic waliitumia kupiga sura za wenyeji wa pwani, nao walitakiwa kukaa bila kutikisika mpaka bamba lishike. Hizo ni kati ya picha za mwanzo kabisa za watu wa Afrika Mashariki, na baadhi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Quai Branly, Paris. Picha nyingine zilichapwa katika albamu ya safari. Wengi wa waliokaa mbele ya chombo kile wanajulikana kwa kabila au kazi tu, wala si kwa majina yao.

Wakati meli ingali safarini, dunia ya nyuma yake iligeuka. Mwezi Aprili 1848 Ufaransa ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake, na Desemba watumwa wa Réunion wakaachiwa huru. Wenye mashamba wakaanza kutafuta vibarua wa mkataba kutoka pwani hii hii. Mikataba hiyo, kwa wengi waliouzwa Kilwa na kwingineko, haikuwa na tofauti kubwa na minyororo.

Guillain alipanda cheo. Kati ya 1856 na 1857 vilitoka vitabu vyake vitatu juu ya Afrika Mashariki, kwa amri ya serikali, na jina lake likiwa na cheo cha kapteni wa manowari. Biashara aliyotumwa kuipigia njia haikushamiri kama Paris ilivyotaka. Mwezi Machi 1862 Ufaransa na Uingereza zikaahidiana kuheshimu uhuru wa Zanzibar na Muscat, na kwa ofisa wa Kifaransa mwenye tamaa mlango huu ukafungwa.

Mwaka huo huo akapewa kuwa gavana wa Nouvelle-Calédonie, visiwa vya Pasifiki. Hapo ndipo anapokuwa mgumu kupendwa. Mtu aliyekaa na wazee wa Mombasa kusikiliza historia yao, mwaka 1863 alipiga marufuku lugha za Wakanaki shuleni. Chini yake wafungwa wa kwanza waliteremshwa mwaka 1864, maasi ya wenyeji yakazimwa kwa ukali, na ardhi yao ikakatwa kuwa maeneo ya kutengwa. Pwani ya Uswahili alikuwa mgeni anayehitaji ruhusa ya kushuka. Kule alikuwa serikali. Nadhani tofauti ya tabia yake iko hapo zaidi kuliko moyoni mwake. Aliondoka mwaka 1870, akafa Lorient mwaka 1875.

Vitabu vyake vilipata wasomaji ambao hakuwafikiria. Profesa Abdul Sheriff, aliyefundisha historia Mlimani, alizitumia kumbukumbu za Guillain na za Loarer katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu Zanzibar. Bei zilizoandikwa ili Mfaransa ajue anunue wapi kwa nafuu zilitumika kuonyesha jinsi faida ya pembe ilivyokua, ilikwenda kwa nani, na nani aliyeilipia.