Mbizi za Rusinga

Ndugu wazazi, vijana wetu wa pwani siku hizi hubeba mabegi mgongoni, wakatoka Migori kwa matatu, wakapita Rongo na Homa Bay hadi Mbita, kisha wakavuka daraja kuingia Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Wakifika, hutamani kupiga mbizi. Wazuieni! Ziwa Viktoria si bahari. Konokono wa maji yake baridi hutoa vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi kwa dakika chache. Ustadi wa kuogelea wa mtoto wa Lamu haumfai kitu hapo. Hata kutawadha ufukweni kuna hatari: maji yatekwe, yakae siku mbili, ndipo yatumiwe. Aliyekwisha kuoga humo na apimwe, dawa ipo. Mwenye hamu ya mbizi za mitungi aende Shimoni, avuke hadi Kisite. Konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi.