Kifua Kinachobana Wakati wa Kazi

Huenda umewahi kumwona mzee akipanda mlima na mzigo, kisha akasimama ghafla na kushika kifua. Akipumzika kidogo hupata nafuu na kuendelea na safari. Nyumbani husema ni kichomi tu, au kiungulia.

Kichomi huchoma mahali pamoja, na huzidi mtu akivuta pumzi. Kiungulia huja zaidi baada ya kula. Maumivu ya moyo hubana katikati ya kifua kama kilichokandamizwa na gunia, na pengine hupanda shingoni na kwenye taya au hushuka mkononi. Huja mtu akilima au akikasirika, kwa sababu mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba. Moyo ukifanya kazi nyingi, damu haiutoshi. Wavuta sigara, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu ndio hupatwa zaidi.

Mtu huyo aende kituo cha afya akapimwe, hata kama siku hiyo hasikii kitu. Lakini maumivu yakimjia amekaa tu, au akipumzika dakika 5 yasipungue, au akitoka jasho jembamba na kuhema, asingoje kupambazuke. Wanawake na wenye kisukari pengine hawasikii maumivu makali, ila hukosa pumzi na kulegea. Apelekwe hospitali mara moja. Asitembee wala asiendeshe baiskeli mwenyewe; atafutiwe gari, au abebwe.