Sura ya Tano: Injini Iliyorudishwa Nyuma kwa Makusudi

Katika gereji za bodaboda, ziwe za Mbagala au za Kisumu, kauli mbili hazikosekani. Ya kwanza inasema pikipiki za zamani zilikuwa chuma, za sasa ni bati tupu. Ya pili inasema kila kipya ni bora, hivyo mwenye injini ya muundo wa zamani kauziwa mabaki. Kauli zote mbili ni za uongo na zinawatoa watu fedha, kwa sababu mtu anayeziamini hununua spea kwa kufuata sifa, si kwa kufuata kazi ya spea hiyo.

Utaratibu mzuri wa kuzipima kauli hizo ungekuwa kuanzia gurudumu la mbele na kuishia kwenye taa ya nyuma. John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli. Miaka mitatu kabla yake, pikipiki ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach ilikuwa na fremu ya mbao na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma. Breki ya diski iliingia kwa watu wengi kupitia Honda CB750 ya mwaka 1969. Platini zimeondoka, nafasi yake imeshikwa na CDI, na vijana wa leo hawajui adha ya kusugua platini kwa msasa njiani. Cheni ya rola, kwa upande wake, aliibuni Hans Renold huko Manchester mwaka 1880, na leo angeitambua kwenye bodaboda yoyote. Kilichoongezeka ni ubora wa chuma na, kwenye cheni za bei, vipete vya mpira vya kuzuia grisi isitoke.

Kisha inafika zamu ya injini, na hapo utaratibu wote unasimama, kwa sababu ipo injini moja inayojibu kauli zote mbili kwa mpigo.

Honda Super Cub ilipotoka mwaka 1958, valvu zake zilisukumwa na pushirodi: kamshafti ilikaa chini karibu na krenki, na vijiti viwili vikapeleka msukumo juu hadi kwenye roka. Katika miaka ya 1960 Honda iliipandisha kamshafti hadi kwenye hedi, ikiendeshwa kwa cheni ya taimingi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, kwani vyuma vya kwenda na kurudi vilipungua na injini ikaweza kuzunguka kasi zaidi. Lakini mwaka 1976 kampuni hiyohiyo ilitoa CG125, na ndani yake pushirodi ikarudi.

Haikurudi kwa kukosa utaalamu. CG125 ilikusudiwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kupita kiasi, hupita kwenye vumbi na hukaa muda mrefu bila kumwagwa oili. Kwenye injini ndogo za wakati huo zenye kamshafti juu, kamshafti ilizunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya hedi. Oili ikipungua, sehemu hiyo ya juu ndiyo hukauka mapema. Aluminiamu ikiliwa, hedi nzima ni ya kutupa. Oili chafu nayo huila cheni ya taimingi. CG125 iliishusha kamshafti mahali oili haikosekani, ikaiendesha kwa gia badala ya cheni, na jino moja tu la kamshafti likafungua valvu zote mbili. Kilichobaki juu ni roka na springi.

Injini hiyo ilinakiliwa na viwanda vingi vya China. Ile ya asili ina silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5, yaani takribani cc 124. Zile za CG150 zimepanuliwa kipenyo hadi milimita 62, mwendo ukabaki uleule. Ndizo zilizoingia Afrika Mashariki ndani ya pikipiki nyingi za Kichina, chini ya majina ya kila aina. Ubora wa chuma hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda, na hapo lawama ni halali. Lakini kuilaumu pushirodi yenyewe ni kukosea mshitakiwa. Pikipiki ya Boxer, kwa upande mwingine, ina kamshafti juu, na injini yake ni nzuri. Inadai tu oili ibadilishwe kwa wakati.

Sasa kosa linaloua injini hizi kuliko yote: kukaza tapeti ili injini "itulie". Pushirodi hutoa mlio mdogo wa kugonga, na mteja akiusikia hudai uondolewe. Fundi mwenye haraka hukaza mpaka kimya. Valvu ya ekzosi hupoa hasa inapofunga na kukalia kiti chake, maana joto hupitia hapo kwenda kwenye hedi. Ikikazwa, haikai sawasawa, moto unapenya pembeni, na ukingo wake unaanza kumomonyoka. Ukiitoa utaona pengo jeusi upande mmoja, kama biskuti iliyong'atwa. Nafasi ya tapeti iliyowekwa na Honda kwa CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, na haipimwi kwa sikio.

Mitindo mingine haihitaji maneno mengi. Plagi ya iridiamu hudumu muda mrefu kuliko ya kawaida, lakini haiongezi nguvu kwenye injini iliyo nzima. Kutoboa ekzosi huongeza kelele. Oili ya gari si oili tu: klachi ya bodaboda nyingi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Chombo cha oili ya pikipiki za aina hiyo kiwe kimeandikwa JASO MA.

Mwenye pikipiki akienda kuset tapeti, aende asubuhi kabla injini haijawashwa, na aombe kuiona filageji, kile kipimo cha nafasi ya tapeti, kabla ya spana kushika nati. Gereji isiyokuwa na filageji isiguse valvu zake.